Mkono wa Kulia wa Bwana Miraj Athman

Ifikapo jioni ya tarehe 30 Juni 1987, Bwana Miraj Athman atafunga kabati lake katika banda la brashi na kukabidhi ufunguo, baada ya kulitumikia Shamba la Mkonge la Kirumbi kwa miaka ishirini na minne na karibu miezi mitano. Aliajiriwa tarehe 4 Februari 1963 akiwa kibarua wa kubeba nyuzi mbichi kwenda kuanikwa. Anaondoka akiwa msimamizi wa banda zima, mwenye watu arobaini na sita chini yake, na hajafika kazini amechelewa hata siku moja. Hilo la kuchelewa nimelihakiki mwenyewe kwenye daftari la mahudhurio, nikitumaini kupata walau siku moja.

Dada Priscilla Wakesho, ofisa wetu wa ustawi, ndiye aliyenipa kazi hii. Aliniomba niandike kwa adabu, nisijitie mno katika habari za mwenzangu, wala nisizidishe kurasa nne. Nimejitahidi. Mimi ni Fanuel Mwakio, karani wa stoo, na wengi mnanifahamu kama yule anayekataa kutoa viatu vya mpira bila vocha. Wachache zaidi mnajua kwamba nimekaa kando ya Bwana Miraj miaka ishirini na miwili nikipiga udi wa pili katika kikundi chetu cha burudani, na kwamba muda wote huo nimemwonea wivu. Sikupumzika hata wakati wa likizo.

Mstaafu wetu alizaliwa Voi mwaka wa 1932, katika familia iliyotoka Pwani zamani ikifuata biashara ya duka. Udi alifundishwa na mjomba wake Mombasa. Brashi alijifunza hapa. Kwa faida ya wageni nieleze kwamba mkonge ukishasagwa, ukaoshwa na kukauka juani, nyuzi zake hupelekwa kwenye mashine ya brashi, yenye pipa la chuma lenye meno, linalozunguka kwa kasi. Mfanyakazi hushika fungu la nyuzi upande mmoja, akautia upande wa pili kwenye meno, akalivuta, akaligeuza na kulitia tena mpaka ling'ae. Kosa la mgeni ni kukaza mkono kwa hofu. Mashine ikilinasa fungu lililokazwa, huondoka nalo pamoja na vidole. Bwana Miraj aliwafundisha wageni wote maneno mawili tu, "Ukivutwa, achia," na tangu apewe usimamizi mwaka wa 1969 hakuna mtu aliyepoteza kidole katika banda lake.

Ni yeye pia aliyesimama mbele ya meneja mwaka wa 1974 na kudai vitambaa vya kuziba pua kwa ajili ya vumbi. Meneja alisema atalifikiria. Bwana Miraj akasema yeye hana haraka, akavuta kiti akakaa ofisini mle, akasubiri hadi saa nane na nusu mchana. Vitambaa vililetwa wiki iliyofuata, nami nikavipokea stoo na kuvipiga muhuri.

Sasa nije kwenye udi.

Kikundi cha burudani kilianzishwa mwaka wa 1965 katika ukumbi wa shamba. Bwana Miraj alikuwa na udi wake, Katuku wa trekta alikuwa na ngoma yake ya dumbaki, na Donald wa useremala alikuwa amechonga udi wa pili kwa mvule bila kujua nani ataupiga. Nikajitokeza. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nilikuwa nimepigia kwaya gitaa kule Wundanyi nikashangiliwa, na nilidhani udi ni gitaa lililonenepa.

Wiki haikuisha kabla sijagundua kwamba vidole vyangu vya kulia, nilivyovitegemea kwa gitaa, havikuhitajika. Udi hupigwa kwa kipande chembamba cha pembe ya ng'ombe, kinachopita ndani ya kiganja na kuchungulia kati ya kidole gumba na kidole cha shahada. Ukikibana sana, sauti hutoka kavu, kama mtu anayegonga mlango wa bati. Ukikilegeza sana, kinakuponyoka na kutumbukia katika tundu la udi, na burudani yote husimama huku wewe ukikitingisha chombo juu chini ukikitafuta. Mwezi wa kwanza nilikitafuta mara kumi na moja. Katuku alikuwa anahesabu.

Halafu kuna kupiga kwenda juu. Kwenda chini mtu yeyote anaweza, maana uzito wa mkono wenyewe unafanya kazi. Kurudi juu ndiko kwenye taabu, kwa kuwa nyuzi za udi zimefungwa mbili mbili, na mkono mzembe huuamsha mmoja na kuuacha mwenzake umelala. Mkono wangu ulikuwa umelelewa na muhuri wa stoo: chini, chini, chini, vocha mia mbili kwa siku. Siku moja Katuku alisimamisha dumbaki akaniuliza, "Karani, hiyo mkono yako inapiga muhuri. Sasa hii wimbo imeidhinishwa ama bado?" Ukumbi mzima ulicheka, na Bwana Miraj alicheka mpaka akafuta macho.

Yeye alipiga juu na chini na hukuweza kusema ipi ni ipi. Alipotaka sauti moja itetemeke kwa muda mrefu, bega lake lilitulia, kiwiko kilitulia, ngozi ya mkono ikalala juu ya ukingo wa udi, na kifundo peke yake ndicho kilichocheza. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri chai. Uso huo uliniudhi kuliko hata mkono. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu Loise kwamba yule bwana amezaliwa hivyo, ni damu ya Pwani, hakuna la kufanya. Loise aliniuliza kama damu ya Wundanyi imekatazwa kufanya mazoezi.

Nikaenda kumwomba anifundishe. Iliniuma, lakini nilikwenda. Kwanza alianza na kiwiko changu, ambacho kilikuwa kikipepea. Alikifunga kwenye mbavu kwa kamba ya mkonge, akaniamuru nipige hivyo nusu saa kila jioni. Loise alinikuta kibarazani.

"Baba Elsie, nani amekufunga?"

"Miraj."

"Kwani umemkosea nini?"

Baada ya kiwiko ikaja zamu ya mshiko. Saa ya chakula, mashine zikiwa zimezimwa, alinipeleka kwenye banda la brashi, akanipa fungu la nyuzi nishike upande mmoja, yeye akashika wa pili. Akalivuta ghafla. Nilikaza, nikapiga magoti sakafuni. Akalivuta tena, nikaanguka tena. Kufikia siku ya tatu wafanyakazi walikuwa wanakuja na sahani zao kumtazama karani akiangushwa. Siku ya kumi na mbili alivuta, nyuzi zikateleza mkononi mwangu, nami nikabaki nimesimama. Jioni ile, kwa mara ya kwanza, nilipiga kwenda juu na nyuzi zote mbili zikaitika. Nilimtazama nione kama amesikia. Alikuwa ameinamia vigingi vya udi wake anakaza. "Tena," akasema.

Nilichokitaka kwa mtu huyu nitakisema wazi, kwa sababu mengine yote yanatokana nacho. Nilitaka nisikie kutoka kinywani mwake kwamba mkono wangu ni mzuri. Mara moja tu ingetosha. Watu wa Kirumbi waliweza kunisifu, kwaya ya Wundanyi iliweza kunisifu, na yote hayo hayakunishibisha. Yeye alisema "tena" mwaka wa 1965, na mwaka wa 1970 alikuwa bado anasema "tena".

Mwaka wa 1971 watu wa redio walikuja Voi kunasa sauti za vikundi, wakasema wanataka udi mmoja tu. Hakuna aliyeuliza ni upi. Wiki mbili kabla ya hapo Bwana Miraj alikuwa ameniomba, kwa kuwa mimi ndiye ninayeagiza vitu vya shamba, nimwagizie nyuzi mpya za udi kutoka Mombasa. Zilifika siku nne kabla ya siku yenyewe. Nikaziweka kwenye droo yangu. Aliponiuliza, nilimwambia bado.

Sikuwa na mpango wowote wa maana. Nilitaka tu apige vibaya siku moja, watu wasikie. Alikwenda na nyuzi zake kuukuu, na katikati ya wimbo wa pili mmoja ulikatika. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikaona ukikatika. Mkono wake wa kulia ulijua kabla ya mimi kupumua. Ukapunguza nguvu kwa ule mmoja uliobaki, ukaupiga kwa upole na kwa wingi zaidi, na wimbo ukaendelea bila pengo lolote. Yule bwana wa redio alisema hajasikia udi namna ile tangu aanze kazi. Wimbo ulitangazwa mara tatu. Nilizima redio mara tatu.

Mwaka uliofuata nilishindwa kuubeba ule mzigo, nikampelekea nyuzi zikiwa katika karatasi yake ya Mombasa, nikamwambia kila kitu. Alizipokea akazitia mfukoni.

"Nalijua," akasema. "Mwenye basi aliyezileta aliniambia siku ile ile."

"Sasa mbona hukuniuliza?"

"Nilitaka kuona utakaa nazo hadi lini. Umekaa sana, Mwakio."

Kwa mwezi mzima hakunifundisha kitu. Jumatatu ya kwanza ya mwezi uliofuata alifika stoo, akaegemea kaunta na kuniambia mazoezi ni saa kumi na moja, nisichelewe. Habari ile hajawahi kuirudia, na hakuwahi kuwaeleza wenzetu. Ndiyo maana nimeona niwaeleze mimi.

Miaka ilipita namna hiyo. Tulipiga katika harusi na sikukuu, tulipiga Wundanyi, tulipiga Taveta. Nilizidi kuwa mzuri, na yeye akabaki mbele yangu kwa hatua zile zile, na mimi nikabaki na wivu wangu, ambao kufikia wakati huo ulikuwa umeshazoeana nami kabisa.

Mwezi wa Agosti 1984 tulialikwa Njukini kwenye sherehe ya wakulima. Bwana Miraj alianza vizuri. Alipofika mahali pa mbio, pale mkono unapotakiwa kwenda juu na chini bila kupumua, kile kipande cha pembe kilimtoka vidoleni na kutumbukia ndani ya udi. Kilikuwa hakijamtoka hata mara moja tangu nimfahamu. Nilifurahi. Ninaona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kifua changu kilijaa furaha kwa muda wa kuhesabu hadi tatu. Kisha nikauona uso wake. Hakuwa anasubiri chai. Alikuwa anavitazama vidole vyake kama vya mtu mwingine. Mkono wangu ukaanza kupiga kabla sijauruhusu, nikamalizia pale pa mbio mimi, na watu wakadhani ndivyo tulivyopanga.

Baadaye alinieleza nyuma ya lori. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vimekufa ganzi zaidi ya mwaka. Daktari alimwambia ni mishipa, imechoka kwa kushika na kuvuta miaka yote ile. Hata mashine hakuwa akiigusa tena; alikuwa anasimamia kwa macho na kwa mdomo, na hakuna aliyeona tofauti. Lakini aliogopa ikijulikana ataondolewa kabla ya siku zake, wakati binti yake Mwanamina bado yuko shule.

"Pale pa mbio pote ni pako," akaniambia. "Mimi nitashika pa polepole. Na watu wasijue hadi nistaafu."

Nilikubali. Kwa hiyo ninyi wote mliotusikia kuanzia Agosti 1984 hadi juzi, na mkapigia makofi mkono wa Bwana Miraj pale unapokimbia, mlikuwa mnapigia makofi wangu. Siku moja Voi mama mmoja alitoka kwenye viti akaja mbele akimnyunyizia Bwana Miraj marashi kwa ajili ya kipande nilichokuwa napiga mimi, nimekaa nusu mita kutoka kwake. Mimi nilipata harufu tu. Niliporudi nyumbani Loise akataka kujua nilikuwa kwa nani.

Je, niliona wivu? Niliona wivu wa mtu anayeibiwa huku akishika taa. Tena mara kwa mara, tukiwa wawili katika mazoezi, nilimaliza pale pa mbio safi kabisa, nikamngoja. Alikuwa hana tena la kunifundisha na wote wawili tulijua. Alisema, "Haya, twende wimbo mwingine."

Jumamosi ya tarehe 4 Aprili mwaka huu Mwanamina aliolewa, hapo Voi nyumbani kwao. Jamaa walikuja kutoka Mombasa, akiwemo Bwana Mahmud, kaka mkubwa wa mstaafu wetu, mtu ambaye amesikia wapigaji udi wengi na wachache wamempendeza. Mchana baada ya sala tulifika kupanga vyombo. Nikakuta kiti kimoja tu mkekani. Bwana Miraj akanikabidhi udi wake mwenyewe.

"Leo piga wewe," akasema. "Mimi ni baba wa bibi harusi, nina wageni."

Nilipiga peke yangu, Katuku na dumbaki yake nyuma yangu. Dada Priscilla amenikataza kujisifu, kwa hiyo nitasema tu kwamba sijawahi kupiga vile. Pa polepole palikuwa pangu, pa mbio palikuwa pangu, na hapakuwa na mtu wa kunifunika. Nilipomaliza, Bwana Mahmud aliuliza kwa sauti ya kusikika ua mzima, "Mkono huo umefundishwa na nani?" Watu wote waligeuka kumtafuta Bwana Miraj. Kiti chake kati ya wageni kilikuwa kitupu.

Hasira iliyonipanda siwezi kuieleza. Miaka ishirini na miwili nimengoja neno moja, na siku ambayo lingeweza kusemwa mbele ya watu wake, mwenyewe ameondoka. Niliuweka udi chini nikaingia ndani. Mkewe, Bi Salme, alinikuta kwenye korido.

"Shemeji, yuko nyuma ya jiko," akasema. "Mimi ameniambia nimwache. Nenda wewe."

Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, amevaa kanzu yake mpya, mkono wa kulia ameuficha chini ya kwapa la kushoto. Majirani walikuwa wanageuza pilau hatua chache kutoka hapo, wakijifanya hawamwoni. Nilikuwa nimeyapanga maneno makali. Yeye akatangulia.

"Niwie radhi, Mwakio. Nimeshindwa kukaa."

"Kwani nimekosea wapi?"

"Hukukosea. Nami nilikuwa nangoja ukosee." Hakuniangalia. "Mtu mzima, siku ya harusi ya mwanangu, nimekaa pale naomba kile kipande kikuponyoke. Ule mkono ni mzuri. Ni mzuri kupita wangu ulipokuwa mzima. Nimekuonea wivu, ndugu yangu, hadi nikaogopa watu watauona usoni."

Nilitafuta debe nikakaa karibu naye. Neno nililolitaka lilikuwa limeshasemwa, na nilikuwa nimeliota mara nyingi sana, katika ndoto hizo likisemwa ukumbini, likifuatiwa na makofi. Halikuja hivyo. Lilikuja na mwenye kulisema akiwa analia, na kwa mara ya kwanza tangu 1965 sikutamani kuwa na kitu chochote cha Miraj Athman. Nilitamani arudishiwe vidole vyake, hata kama ingenibidi nirudi kwenye udi wa pili hadi nizeeke. Tulikaa hapo hadi pilau ikapakuliwa.

Bwana Miraj ameusoma wasifu huu kabla haujapigwa chapa. Alifuta maneno matatu ya kumsifu, kisha akayarudisha. Habari ya nyuma ya jiko hakuigusa.

Yeye na Bi Salme wanahamia Mombasa mwezi ujao, wakae karibu na Mwanamina na mumewe. Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Kirumbi, tunamshukuru kwa vidole vyetu, ambavyo vyote tunavyo, kwa vitambaa vya pua, kwa nyimbo, na mimi binafsi kwa siri moja aliyonitunzia na nyingine aliyonikabidhi. Tunakuombea afya njema, usingizi mzito na wajukuu wenye adabu. Mwenyezi Mungu akupe umri mrefu, Bwana Miraj, na wote uumalize ukinionea wivu.